Siki Kwanza au Seli Kwanza? Safari za Protini na Saratani Tunazouguza Dodoma

Mwezi uliopita tulimzika mama mdogo kijijini, wilayani Bahi. Saratani ya matiti. Jioni, wanaume tukiwa kwenye mikeka chini ya mbuyu tukisubiri chai, mjomba alimuuliza mdogo wangu atasomea nini akishamaliza shahada yake ya baiolojia Chuo Kikuu cha Dodoma. Akajibu bila kusita: namna protini zinavyosafirishwa ndani ya seli, na usafiri huo unavyohusiana na saratani.

Mjomba ni daktari msaidizi kwenye kituo cha afya, kazi aliyoifanya karibu miaka thelathini. Alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa. "Mjomba, wanawake wa huku wanakufa kwa kukosa siki na pamba. Wewe unataka kwenda kuchungulia mizigo inayobebwa ndani ya seli?" Siki aliyoitaja ni ile asidi asetiki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi wakati wa uchunguzi. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe baada ya dakika moja hivi, na mara nyingi mama hutibiwa siku hiyohiyo akarudi nyumbani. Mdogo wangu akajibu kwa adabu kwamba ugonjwa uliomchukua mama mdogo siki haiufikii. Wakaachia hapo kwa heshima ya msiba, lakini mimi sikuweza kuachia.

Niseme mapema kwamba nina upande. Mimi ni mteknolojia wa maabara. Nakata tishu za wagonjwa, nazipaka rangi na kumwandalia mtaalamu wa patholojia slaidi za kusoma. Mezani kwangu hoja za hawa wawili zinakutana kila siku, na kwa muda mrefu nilikuwa nafanya kazi hiyo bila kuliona hilo.

Kwanza, ni usafiri gani anaousema mdogo wangu? Seli ni ndogo mno kuonekana kwa macho matupu, lakini ndani yake mna vyumba vilivyotengwa kwa utando, na kila chumba kina kazi yake. Protini huundwa na ribosomu, mitambo midogo ya seli, kisha kila moja lazima ifike pale inapotakiwa. Karibu theluthi moja ya protini zetu huingia kwenye mtandao wa vyumba vya utando ambako hukunjwa na kukaguliwa. Zilizokunjwa vibaya huzuiwa na kuvunjwa. Zilizofaulu hufungwa kwenye vifuko vidogo na kupelekwa Golgi, sehemu ambako hufanyiwa marekebisho ya mwisho na kupangwa kwa mahali zinapokwenda: hizi kwenye utando wa nje, zile nje kabisa ya seli, nyingine kwenye lisosomu, ambayo ni jiko la kuyeyushia vilivyochakaa. Anayetaka mfano aende stendi ya Nanenane alfajiri, atazame vifurushi vinavyopakiwa mabasi ya Kondoa, Singida na Mpwapwa. Kifurushi kizuri chenye anwani mbovu hakimfai yeyote. Mfano unaishia hapo, kwa sababu protini haiandikiwi anwani juu ya boksi: anwani ni kipande cha mwili wake wenyewe. Aliyelithibitisha hilo, Günter Blobel, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Historia yake ni ya uvumilivu. Camillo Golgi aliiona ile sehemu yenye jina lake mwaka 1898 huko Italia, akitumia rangi ya madini ya fedha kwenye seli za neva, na kwa miongo kadhaa wapo waliosema alichoona ni takataka za rangi tu. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyomtetea, katikati ya karne ya 20. George Palade akafuatilia safari ya protini kutoka chumba hadi chumba, akapewa Nobel mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na Christian de Duve. Kisha akaja Randy Schekman kule California, aliyefanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote: alichukua hamira. Hamira ya maandazi. Yeye na mwanafunzi wake Peter Novick walitafuta seli za hamira zenye jeni zilizoharibika, wakazipandisha joto hadi nyuzi 37, wakaona vifuko vimerundikana ndani bila kushusha mzigo, seli zikawa nzito kuliko wenzake. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wamepata jeni 23 zinazoendesha usafiri huo, na binadamu tunazo jeni za ukoo uleule. Mwaka 2013 Schekman, James Rothman na Thomas Südhof wakashirikiana Nobel kwa kazi hiyo.

Saratani inaingiaje? Mlango wake mkubwa ni safari ya kurudi ndani. Juu ya seli wamesimama vipokezi, protini zinazosikiliza ujumbe wa nje kama vile "gawanyika". Kipokezi kikishapokea ujumbe, seli yenye afya hukimeza, hukiwekea alama ya kutupwa, na kukipeleka kwenye lisosomu kiyeyuke. Ujumbe umesikika, umetekelezwa, umezimwa. Kipokezi kikirudishwa juu badala ya kuyeyushwa, seli huendelea kusikia "gawanyika, gawanyika" hata kama hakuna tena anayeita.

Ushahidi kwamba hitilafu ya namna hii inaweza kuwa chanzo chenyewe cha ugonjwa upo, na hauna utata mwingi. Katika takribani wagonjwa 3 kati ya 100 wa saratani ya mapafu ya kundi lililo kubwa zaidi, kipokezi kiitwacho MET hutengenezwa kikiwa kimekosa kipande kimoja. Kipande hicho ndicho kinachoshikwa na Cbl, protini inayobandika alama ya kutupwa. Kipokezi kinafanya kazi, ila hakitupiki. Tangu mwaka 2020 zipo dawa zilizoidhinishwa kwa wagonjwa hao hasa. Na Cbl yenyewe ikiharibika kwenye seli za uboho, huonekana katika baadhi ya saratani za damu. Hapo ukiuliza "chanzo ni nini?", jibu ni usafiri uliokatika.

Ila ningemdanganya mdogo wangu kama ningeishia hapo. Mahali pengine hoja hiyo inayumba vibaya. Kuna jeni iitwayo TSG101, iliyopewa jina hilo kwa kudhaniwa kuwa ni kinga dhidi ya uvimbe, na ni kweli inahusika na kupeleka vipokezi kwenye lisosomu. Katika inzi wadogo wa matunda, ikiharibika tishu hukua ovyo kama uvimbe. Lakini watafiti walipoiondoa katika panya, seli zilikufa, saratani haikutokea. Au chukua Rab25, mmoja wa ukoo wa protini zaidi ya 60 zinazoelekeza vifuko viende wapi. Mwaka 2004 iliripotiwa kuwa imezidi katika saratani za ovari na matiti na kuzifanya kali zaidi. Miaka sita baadaye, katika utumbo wa panya, ikaonekana kinyume: ikikosekana, ndipo uvimbe unapoongezeka. Protini ileile, kondakta yuleyule, huku anashangilia ugonjwa na kule anauzuia. Mtu akikwambia "usafiri wa protini husababisha saratani" kana kwamba ni sentensi moja iliyokamilika, muulize: protini ipi, kwenye kiungo gani?

Kuna hata jambo la kuudhi zaidi. Seli ya saratani imevurugika kila mahali. Inakua haraka, inakula vibaya, kromosomu zake zimevunjikavunjika. Ukikuta usafiri wake umeharibika, huenda umekuta moshi ukadhani ni moto. Mengi yanayoandikwa juu ya Golgi iliyotawanyika katika seli za saratani mimi nayaweka kwenye fungu hili mpaka nithibitishiwe vingine.

Sasa nimpe mjomba haki yake, maana hoja yake ni nzito kuliko alivyoitamka pale msibani.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Chanzo kinajulikana: virusi vya HPV. Harald zur Hausen alimtenga HPV wa aina ya 16 kutoka kwenye saratani hiyo mwaka 1983, chanjo ikaingia sokoni mwaka 2006, na yeye akapewa Nobel mwaka 2008. Tanzania ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Na sasa jambo ambalo mdogo wangu alinionyesha kwa furaha, bila kujua anampa mjomba silaha. HPV ni msafiri stadi wa barabara hizohizo tunazozizungumzia. Akishamezwa na seli, angetakiwa kuishia kwenye lisosomu kama takataka nyingine. Badala yake protini yake moja hutoboa utando wa kifuko, ikanasa mtambo wa seli unaorudisha mizigo nyuma, nao ukambeba hadi Golgi. Hapo hungoja. Seli inapogawanyika na ukuta wa kiini kufunguka, huingia ndani na kukaa kando ya jeni za mwenyeji wake. Akishakaa, protini yake ya E6 huipeleka p53, protini inayolinda jeni zetu, ikavunjwe, na ile ya E5 hupunguza ukali wa tindikali kwenye vifuko ili vipokezi vya ukuaji visiyeyushwe bali virudi juu, huku ikizuia ndani ya seli zile protini ambazo zingewaonyesha askari wa kinga kwamba humu mna mgeni. Ukitaka somo moja linalounganisha usafiri wa seli na saratani ya mwanamke wa Bahi au Chamwino, ni hili. Hakuna lililo karibu zaidi.

Lakini tazama tarehe. Kwamba HPV hupitia mtambo huo wa kurudisha mizigo kulionyeshwa mwaka 2013. Chanjo ilikuwa sokoni tayari kwa miaka saba. Siki ilianza kutumika kabla ya hapo. Vitu viwili vinavyookoa wanawake wengi kuliko vyote havikuisubiri ramani ya barabara za seli, na mjomba angesema, akiwa na haki kabisa, kwamba kila shilingi iliyoenda kwenye ramani wakati binti wa miaka 10 hajachanjwa ni shilingi iliyokosa njia.

Anao pia ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikula mahindi yenye sumukuvu. Wagonjwa 68 walirekodiwa na 20 wakafariki. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa muda mfupi. Sumu kidogo inayoliwa mwaka baada ya mwaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, na huacha alama yake mahali maalumu kwenye jeni ya p53, kituo namba 249. Dawa yake? Kukausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo; kuyachambua; kuyaweka ghalani pakavu; kuchanja watoto dhidi ya homa ya ini. Mama anayeanika mahindi Kibaigwa hahitaji kujua p53 inaingiaje kwenye kiini. Hapa sina la kumtetea mdogo wangu.

Na kuna somo la fedha zilizopotea, ambalo kila anayevutiwa na uwanja huu anapaswa kulijua kabla hajaomba ruzuku. RAS ni protini iliyobadilika katika karibu saratani moja kati ya tano. Haiwezi kufanya kazi mpaka ibandikwe kwenye utando wa seli, na ili ibandikwe hupewa mkia wa mafuta. Katika miaka ya 1990 wanasayansi waliona njia nyeupe: zuia mkia, RAS itaelea bila kazi. Dawa zikatengenezwa. Kwa panya zilifanya maajabu. Kwa wagonjwa wa kongosho na utumbo hazikufua dafu, kwa sababu aina ya RAS inayoongoza kwa wingi katika saratani hizo, KRAS, ikinyimwa mkia mmoja hujipatia mkia mwingine wa aina tofauti na kufika kwenye utando vilevile. Miaka ya kazi na mali nyingi ikaishia hapo. Dawa ya kwanza ya kuikamata KRAS iliidhinishwa mwaka 2021, na ilipitia mlango mwingine kabisa. Moja ya zile dawa za mkia, lonafanibu, ilipata kazi mwaka 2020 katika ugonjwa adimu wa watoto wanaozeeka kabla ya wakati. Faraja ipo, lakini si ile iliyoahidiwa.

Kwa hiyo mjomba ameshinda? Ningekuwa nimeandika mwaka 1995 labda ningesema ndiyo na kuweka kalamu chini.

Tatizo ni mama mdogo. Saratani ya matiti haina siki. Haina chanjo. Kwa mwanamke ambaye uvimbe umeshaonekana, kinachoamua apewe dawa gani ni protini zilizoko kwenye seli zake na mahali zilipokaa. Takribani wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100 wa saratani ya matiti wana kipokezi cha HER2 kwa wingi uliopindukia. HER2 ni mkaidi wa usafiri: vipokezi ndugu zake humezwa vikishapokea ujumbe, chenyewe kinamezeka kwa shida, na kikimezwa hurudishwa juu. Kinabaki kimesimama mlangoni kinapiga kelele. Ukaidi huohuo ndio uliokifanya kiwe shabaha: kingamwili (protini ya kinga inayonasa kitu kimoja mahsusi) iitwayo trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hukifuata hapohapo juu ya utando. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Kabla ya hapo, mwaka 2013, iliidhinishwa kingamwili iliyobebeshwa sumu. Hii inategemea usafiri moja kwa moja: lazima seli iimeze pamoja na HER2, iifikishe kwenye lisosomu, na huko ndiko sumu inakofunguliwa. Aliyeitengeneza asingeweza bila kujua kifuko kinakwenda wapi.

Mfano mwingine ni p53, mlinzi wa jeni zetu. Ameharibika katika karibu nusu ya saratani zote, na hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba katika baadhi ya saratani, ikiwamo niuroblastoma ya watoto, ameonekana akiwa mzima kabisa lakini yuko nje ya kiini. Mlinzi hajauawa, amefungiwa nje ya nyumba anayoilinda. Mwaka 2019 iliidhinishwa Marekani dawa ya selineksori kwa wagonjwa wa saratani ya uboho, nayo kazi yake ni kufunga lango la kutokea kwenye kiini ili walinzi wa aina hiyo wabaki ndani. Inachosha mwili: kichefuchefu, kukonda, chembe sahani za damu kushuka. Lakini ni dawa halisi iliyotokana na swali la "protini iko wapi".

Najua jibu la mjomba: dawa hizo zina bei ambayo mgonjwa wa Bahi haioni hata kwenye ndoto. Kweli. Ila kwa hoja hiyohiyo tungekataa dawa za UKIMWI mwishoni mwa miaka ya 1990. Bei hushuka, ujinga hauna kawaida ya kushuka wenyewe. Wala bajeti ya kununua siki na ile ya kumsomesha mtafiti hazikai kwenye kapu moja, na sijawahi kuona ya pili ikifutwa ili ya kwanza iongezwe.

Hata hivyo, si hapo ninapotaka kuweka uzito wangu. Nataka kurudi mezani kwangu.

Tunapopima HER2 tunaipaka tishu kingamwili inayotoa rangi ya kahawia. Kisha mtaalamu haulizi tu "rangi ipo?" Anauliza ipo wapi. Ikizunguka utando wote wa seli kwa ukali, ni alama ya 3, mgonjwa anastahili dawa. Ikiwa imezagaa ndani ya seli tu, haihesabiwi. Kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike, ni kinyume chake: lazima rangi iwe ndani ya kiini. Protini ya E-kadherini, gundi ya kushikanisha seli, ikikosekana kwenye utando inatuambia hii ni aina nyingine ya saratani ya matiti, ile inayosambaa seli mojamoja kwenye msururu. Miaka yote hii nilikuwa nachora ramani ya usafiri wa protini nikidhani napaka rangi. Sayansi ya mdogo wangu na kitanda cha mgonjwa wa mjomba zinakutana kwenye kipande cha tishu chenye unene wa maikromita 4.

Na kipande hicho ndicho tunachokiharibu.

Kinyama cha mama mdogo kilichukuliwa katika hospitali moja, sitaitaja. Kikawekwa kwenye kichupa chenye maji ya chumvi ya dripu badala ya fomalini. Kilikaa siku mbili, kikasafirishwa kwa basi katikati ya joto la Oktoba, kikafika maabara kimeanza kuoza. Protini hazisubiri. Zinatakiwa zigandishwe na fomalini ndani ya saa moja tangu kinyama kitoke mwilini, zikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Nje ya hapo utando unabomoka, HER2 inapotea mahali pake, na rangi ya kahawia haina maana tena. Majibu yalirudi: saratani ipo, vipokezi havisomeki, rudieni. Kurudia kulikuja baada ya miezi, nauli ikitafutwa, yeye akiwa ameshachoka. Sijui kama alikuwa wa wale 15 hadi 20 kati ya 100, na sitadai kwamba dawa ingemwokoa. Nadai kwamba swali lilikuwa na jibu kwenye kile kinyama, na sisi tulilipoteza.

Kwa hiyo nikipima, hivi ndivyo ninavyoona. Kwenye mpangilio wa fedha za umma, mjomba yuko sahihi na simpingi hata kidogo: chanjo, siki, turubai, kisha mengine. Maabara kubwa ya hadubini za leza isitangulie mbele ya binti ambaye hajachanjwa. Lakini pale anaposema elimu ya mdogo wangu haituhusu, amekosea, na kosa hilo lina gharama. Mhudumu anayejua kwamba ndani ya kile kinyama kuna protini zilizokaa kwenye vyumba vyake, na kwamba mahali zilipokaa ndipo dawa itakapochaguliwa, hawezi kukitumbukiza kwenye maji ya dripu. Anayekiona kama nyama tu ataweza, tena bila nia mbaya. Tumewafundisha watu kanuni ya fomalini bila kuwafundisha sababu yake, na kanuni isiyo na sababu huachwa siku chupa za fomalini zinapoisha.

Kuna wasiwasi mmoja ambao mjomba hakuutaja lakini mimi ninao. Vijana wetu wanaosomea mambo ya ndani ya seli huondoka. Wanapata nafasi Ulaya au Marekani, wanafanya kazi nzuri kwa seli zilizotoka kwa wagonjwa wa huko, na hawarudi kwa sababu hapa hakuna wanachorudia. Siwalaumu. Ila naona njia ambayo haihitaji mamilioni kuianza. Schekman alianza na hamira na joto la nyuzi 37. Chumba cha kudhibiti joto tunacho, na hamira inauzwa Majengo sokoni. Mwanafunzi wa Dodoma anaweza kujifunza misingi ya usafiri wa seli kwa hamira, kisha akageukia tishu za wagonjwa wa kanda hii, zenye ruhusa yao na zilizotunzwa vizuri, akauliza swali ambalo wa California hawezi kuliuliza kwa urahisi: p53 iliyoguswa na sumukuvu kwenye ini la mkulima wa Kondoa imekaa wapi ndani ya seli, na HER2 ya wanawake wetu inamezeka kama ya wengine? Chuo Kikuu cha Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa ni majirani wa kutembea kwa miguu. Hospitali hiyo imeshapandikiza figo na uboho. Haiwezekani ikashindwa kutunza kinyama pamoja na jirani yake wa chuo.

Nilimwambia mdogo wangu hivyo. Alikubali nusu. Bado anataka hadubini kubwa, na ana umri wa kuitaka. Lakini wiki iliyopita alikuja maabara, akavaa koti, akakaa karibu yangu saa nne nzima akitazama nikikata tishu. Alipoona slaidi ya HER2 yenye alama ya 3, zile duara za kahawia zilizofungamana kama sega la nyuki, aliondoa jicho kwenye hadubini akaniuliza: "Kaka, hivi hii ndiyo ile ambayo haimezeki?" Ndiyo hiyo.

Juzi usiku mjomba alipiga simu. Nilidhani ni habari za arobaini. Alikuwa na mama mwenye uvimbe titini, mtaalamu wa upasuaji anayekuja mara moja kwa mwezi angemtoa kinyama kesho yake asubuhi, na fomalini kituoni ilikuwa imebaki kidogo. Akauliza: kinyama cha ukubwa wa punje ya haragwe, fomalini kiasi gani itatosha? Nikamwambia mara kumi ya ukubwa wa kinyama, isipungue, chupa iwe na mdomo mpana, na aandike juu ya chupa saa kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye dawa. Akanirudia polepole, nikasikia anaandika. Kisha akauliza basi la kwanza la kutoka Bahi linafika Dodoma saa ngapi, ili ajue nimsubirie wapi mtu atakayekileta.